Kengele Katikati ya Marimba

Alhamisi moja, saa kumi kasoro robo, Pelagia alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki pembeni mwa uwanja wa Gongoni, akipima karanga kwa kopo la maziwa. Mbele yake palikuwa na mabeseni mawili, moja la karanga na moja la matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kuanikwa mpaka viwe vya kutafuna taratibu. Alikuwa kwenye kopo la pili la Saroj, mama wa duka la vitambaa, pale marehemu tisa walipotokea upande wa stesheni wakiwa na majoho ya kwaya, wakaingia uwanjani, wakaizunguka marimba ya chuma na kila mmoja akashika nyundo. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa Levina, binti wa Pelagia, aliyekuwa kaburini mwaka wa pili sasa. Pelagia alijaza kopo, akaongeza za juu, akamfungia Saroj karanga zake kwenye gazeti.

"Si Levina yule?" Saroj aliuliza.

"Ndiye."

"Kakonda."

"Huko nani wa kumpikia," Pelagia alisema, akafunika mabeseni na kwenda kumsalimia mwanawe.

"Shikamoo, mama," Levina alisema.

"Marahaba. Mmekula?"

"Tumekula."

Maswali mengine hakujibu. Alikuwa akitazama mbele, kama wanakwaya wanavyotazama mkono wa mwalimu kabla haujashuka. Wale tisa wakapiga nyimbo mbili, wakaziachia nyundo zining'inie, wakaondoka kwa njia waliyojia. Pelagia akarudi kwenye kiti chake. Siku hiyo matobolwa yaliisha mapema.

Marimba yenyewe ilikuwa haijamaliza mwezi. Kampuni moja ya maghala ya tumbaku, yenye reli yake ndogo nje ya mji, iliitoa iwe zawadi kwa wananchi, na kazi ikampa Recheli, fundi wa kuchomelea wa hapo hapo Gongoni, mwanamke mwenye mkono wa ufundi. Recheli aliunda fremu ya duara, akaning'iniza vyuma kumi na nane alivyokata kwenye reli chakavu, kila kimoja na urefu wake, kila kimoja na nyundo yake ya mti wa mninga iliyofungwa kwa mnyororo. Tabora ni mji wa wacha Mungu, lakini nyundo ni nyundo. Kwenye kibao aliandika: HII NI YA WOTE. MGENI, SHIKA NYUNDO. USIPIGE PEKE YAKO. Na kweli, ukipiga peke yako chuma kilitoa sauti ya sufuria iliyodondoka. Akija wa pili, hata kama hamjuani, hata kama jana mlitukanana sokoni, vyuma vyote viwili vililainika. Siku ya uzinduzi Afisa wa kampuni alikata utepe na kusema muziki huunganisha watu. Watu walipiga makofi, na soda zilitosha.

Katikati ya duara Recheli alitundika kengele. Ilikuja na lori la vyuma chakavu kutoka ua wa kampuni, kubwa kama ndoo, na kwa kuwa alijisikia vibaya kuikata, aliipa nafasi ya heshima. Ila haikulia. Iligongwa na makuli, ikagongwa na walimu, ikagongwa na Saroj kwa kisigino cha kiatu, ikakaa kimya. Recheli aliitafutia ufa, hakuuona. Akaiacha iwe pambo.

Mwanzoni baadhi ya watu walidhani wageni wale wa Alhamisi ni wapagazi. Uwanja ule misafara ya zamani ilikuwa ikitua, pembe za ndovu zikipangwa chini na watu wakilala kando yake, na wengi hawakuamka. Lakini mpagazi havai joho la zambarau lenye kola nyeupe, wala hajui besi na tenori. Hii ilikuwa kwaya ya Wamoraviani wa vijiji vya ng'ambo ya reli, na Alhamisi saa kumi ilikuwa siku yao na saa yao ya mazoezi mjini. Walikufa wakiwa njiani kuja. Sasa walikuwa wamefika, basi, ingawa kwa kuchelewa.

Waliuawa kwenye geti la pili, pale reli ya kampuni inapokata barabara. Mlinzi wa geti alikuwa Sylvester, Mgogo wa Manyoni, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mgogo kwa Mnyamwezi ni mtani, na jambo hili ni la njia ya msafara. Babu zao Wanyamwezi walipita Ugogo na pembe mabegani na makoo makavu. Wagogo walikuwa na visima, na walijua thamani ya kisima. Wakagombana, wakanyang'anyana, na mtu akifa njiani hana ndugu, Mgogo ndiye aliyechimba kaburi. Ikabaki hivyo. Mtani anakutukana, anachukua chako bila kuomba, na siku ukifa anakuja kuikejeli maiti yako mpaka wafiwa wacheke, kisha anashika jembe. Kumkasirikia mtani ni ushamba.

Basi Sylvester kila akiingia mjini alichota matobolwa kwenye beseni la Pelagia, akala amesimama, akasema yana ladha ya ndala. Na kila Alhamisi trela la kwaya lilipovuka getini, likivutwa na trekta la Eliya, alisimama kando na kupaza sauti.

"Mtakufa hapa, Wanyamwezi ninyi! Nitakuja kula ubwabwa wenu!"

"Tangulia wewe, Mgogo!" walimjibu, na Levina ndiye aliyejibu kwa sauti kuliko wote.

Sylvester alikuwa akisema kweli. Getini palikuwa na kengele, iliyolia yenyewe kila kichwa cha treni kilipokaribia, na kampuni iliing'oa ikasema inakwenda matengenezo. Haikurudi. Sylvester alibaki kuchuchumaa na kuweka kiganja juu ya reli, kusikia kama chuma kinatetema. Aliieleza ofisi mara tatu. Aliwaeleza na wanakwaya: kengele hamna hapa, mtakufa kweli. Wakacheka mpaka wakashikana. Mgogo anataka kengele, walisema, amfunge ng'ombe wake.

Alhamisi ile ya Agosti kichwa cha treni kilikuja saa isiyo yake. Sylvester alikisikia kiganjani, akaruka barabarani na bendera nyekundu, akikimbia kulielekea trela. "Mtakufa! Mtakufa!" alipiga kelele. Kwaya ikampungia mikono na kuongeza sauti. Eliya akamvulia kofia, akakanyaga mafuta. Trekta lilipita. Trela halikupita.

Kwenye mazishi Wagogo wa mjini walikuja wakafanya yao, kwa machozi lakini wakafanya. Mmoja alijilaza ndani ya kaburi la mwimba besi akidai ni chumba chake, amekilipia. Sylvester alisimama kwenye kaburi la Levina, kofia mikononi, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Aliufunga, akaufungua tena. Watu wakatazamana. Mtani asiyetania msibani ana lake jambo.

Mahakamani kampuni ilisema kengele ililia, ila marehemu walikuwa wakiimba kwa sauti kubwa, na mlinzi alichelewa. Eliya alisema walijua Mgogo anawatania. Kisha wakamwita Pelagia wakamuuliza kama mshtakiwa, Sylvester, alitania msibani.

"Hakutania."

"Na kwa mila zenu, hiyo ina maana gani?"

"Ana lake jambo," Pelagia alisema. Ndivyo wasemavyo watu, na ndivyo alivyoamini, na alikuwa na uchungu uliotaka mtu. Sylvester alifungwa miaka mitano. Pelagia alirudi nyumbani akalala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu Agosti.

Kwa hiyo marehemu walipoanza kuja, Pelagia alifurahi kumwona binti yake na hakuwaza zaidi. Alhamisi kwa Alhamisi walipiga vyuma tisa, na wazima wachache wakapiga vilivyobaki, bila kupeana majina. Saroj alisimama mkabala na mwimba tenori mmoja akampenda kwa kushika mdundo. Eliya alikuja Alhamisi ya nne, akasimama nyuma ya watu. Ya tano akashika nyundo. Pelagia peke yake hakupiga. Aliona muziki ni wa mtu mwenye furaha, na yeye ya kwake aliizika.

Alhamisi ya sita wazima walifika wanane: Saroj, Recheli, Eliya, makuli wanne wa stendi, na msafiri wa Mpanda aliyeachwa na treni. Pamoja na marehemu wakawa kumi na saba.

"Mama, kimebaki kimoja," Recheli alimwambia Pelagia.

"Nina wateja."

"Wateja ndio hawa, mama. Wote wako huku."

Pelagia alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kusimama kwenye chuma kilichotazamana na Levina. Marehemu waliuanza wimbo waliokuwa wakiimba trelani siku ile, na Eliya aliutambua, akainamisha kichwa lakini akaendelea kupiga. Vyuma vyote kumi na nane vilikuwa vinalia. Marehemu waliimba kwa sauti zao zote, na wenye maduka upande wa pili wa barabara wakashusha redio. Katikati ya ubeti wa pili kengele ikalia. Hakuna aliyeigusa.

Wale tisa walinyamaza papo hapo. Waliachia nyundo, wakarudi nyuma hatua tatu, wote kwa pamoja, wakatazama kulia na kushoto. Wakasimama hivyo kwa muda unaotosha treni ya mabehewa manane kupita. Kengele ilipokoma, wakarudi kwenye vyuma vyao na kuuchukua wimbo pale walipouacha. Wazima tisa hawakuwa wamesogea hata unyayo.

"Wameisikia," Eliya alisema.

"Huku wanaimba," Saroj alisema.

"Huku wanaimba, wameisikia."

Recheli alilala chali chini ya kengele na tochi ya simu. Ndani, kwa rangi nyeupe, palikuwa pameandikwa: GETI 2. MATENGENEZO. MACHI 2021. Agosti iliyowaua wanakwaya ilikuwa ya mwaka uliofuata. Recheli aliusoma mwandiko ule mara mbili kwa sauti, maana mara ya kwanza Pelagia aliomba arudie. Kisha Pelagia akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.

"Mimi ndiye niliyemfunga," alisema.

Saroj hakumbishia. Alikwenda dukani kwake akamletea maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo Pelagia alitaka kitu kimoja tu, Sylvester atoke. Alikwenda ofisi ya kampuni mara nne. Mara ya nne Afisa aliahidi kuja, na Alhamisi iliyofuata akaja kweli, na shati lake la mikono mirefu. Wazima walikuwa wanane, hivyo wakampa nyundo ya tisa. Alipiga vizuri, alikuwa amesoma seminari. Kengele ikalia, marehemu wakarudi nyuma, wakatazama kulia na kushoto, wakarudi. Afisa alijipangusa jasho, akawapa mkono marehemu mmoja mmoja, akasema sanaa imefikia lengo. Kisha akaandika ripoti. Ripoti ilisema kwamba kengele ya geti la pili imekaguliwa mbele ya mashahidi kumi na saba na inalia bila hitilafu, kama kampuni ilivyoieleza mahakama. Jumatatu walikuja mafundi wakaipaka kengele rangi mpya ya kampuni, nje na ndani.

Mahakamani karani alimsikiliza Pelagia kwa upole. Alimweleza kuwa marehemu hawezi kula kiapo, kwa hiyo alichofanya uwanjani, hata akifanya kila Alhamisi, si ushahidi. Picha aliyopiga Recheli kwa simu siku ile ilionyesha maandishi, lakini kengele iliyopo haina maandishi.

"Basi nifute maneno yangu," Pelagia alisema. "Yale niliyosema juu ya utani."

Karani akafungua jalada. "Ulisema hakutania. Ulisema uongo?"

"Hapana. Hakutania."

"Sasa mama yangu, tufute nini?"

Pelagia aliinuka kitini. Alimshukuru, akatoka, akatembea kwa miguu mpaka Gongoni na jua lile, na njiani alijilaumu kwa sauti, watu wakimpisha.

Siku ya kuonana alikwenda gerezani. Usiku alikuwa amejifunza maneno, maana hakuona njia nyingine ya kuomba radhi kwa Mgogo. Sylvester aliletwa nyuma ya wavu, amepungua, anakohoa ndani ya kiganja. Pelagia alikaza sauti.

"Wewe Mgogo. Ulitafuta ugali wa bure maisha yako yote, leo umeupata."

Askari aligeuka kumtazama. Sylvester naye alimtazama, kisha mdomo wake ukapinda upande mmoja.

"Na wewe umekuja mikono mitupu. Mnyamwezi mchoyo."

"Nilileta matobolwa. Yameshikwa mlangoni."

"Wameniokoa meno."

Walicheka kidogo. Pelagia alimweleza yote, kengele, rangi, karani. Alimwambia kwamba yeye ndiye aliyesema hakutania, na ndiko kulikomfunga.

"Sikutania kweli," Sylvester alisema.

"Kwa nini lakini?"

"Niliamka na utani wangu tayari. Nilipofika kaburini nikaona ni ule ule niliowaambia kila Alhamisi, na umeshatimia. Sikuwa na mwingine." Alikohoa, akapumzika. "Hiyo kengele yenu inasikika mpaka wapi?"

"Mpaka stendi."

"Getini haifiki."

"Haifiki."

"Basi kule bado," Sylvester alisema, na askari akasema muda umekwisha.

Alikufa mwezi wa pili, mvua zikinyesha, kwa kikohozi kile kile. Habari zilifika Gongoni Jumatano. Ndugu zake wa Manyoni walikuwa wameshamchukua na kumzika, na Pelagia aliumia sana, maana alikuwa ameshaamua kwenda kulala kwenye kaburi lake na kudai ni chumba chake. Alichemsha viazi vile vile, kwa kuwa ndiyo kazi, na Alhamisi akaketi mahali pake.

Saa kumi kasoro robo marehemu walitokea upande wa stesheni. Walikuwa kumi. Wa mwisho alikuwa Sylvester, na koti lake la getini na bendera nyekundu kwapani. Marimba ilikuwa imejaa, vyuma kumi na nane na nyundo kumi na nane, hakuna nafasi, kwa hiyo alikwenda kusimama chini ya kengele na kuitazama ile rangi mpya. Aliikwaruza kwa kucha. Halafu akavuka uwanja mpaka kwa Pelagia, akachota matobolwa kwa mikono miwili, bila kuomba, akatafuna moja akiwa amesimama. Alilitafuna kwa shida. Akawageukia wanakwaya.

"Na tulivyosumbuana na treni," alisema. "Kumbe kilichowaua ni hiki."

Levina ndiye aliyeanza kucheka. Wakacheka tisa wote, majoho yakitikisika, na Eliya akacheka huku amejifunika uso kwa kofia. Pelagia alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akalia, kilio kirefu ambacho hakukilia kaburini, na Saroj akamshikia kopo la karanga lisimwagike. Sylvester alisubiri mpaka amalize, kama mtani anavyopaswa, kisha akarudi kwenye nafasi yake.

Tangu hapo huja kila Alhamisi. Kengele inapolia, yeye huinua bendera, wenzake wanarudi nyuma hatua tatu, wanatazama kulia na kushoto, na hakuna anayeumia. Wageni wanaopita Tabora husimama, hushika nyundo, husifu. Kibao kipya cha kampuni kinasema kengele inatunzwa nao.

Kutoka uwanjani mpaka geti la pili ni kilomita nne. Mlinzi wa sasa ni mtu wa Kaliua, mpole, hamtanii mtu. Alhamisi, saa kumi ikikaribia, kwaya mpya huja mazoezini kwa trela, ikiimba, na yeye huchuchumaa kando ya barabara na kuweka kiganja juu ya reli.